Aking'atwa na mbwa njiani, atamwambia nani? Kumfundisha mtoto mdogo watu wanaotuhudumia

Muulize mtoto wa darasa la awali, "Daktari anafanya kazi gani?" Atakujibu kwa sauti ya kuimba, mikono nyuma: daktari anatibu wagonjwa. Mwalimu anafundisha wanafunzi. Polisi anakamata wezi. Mkulima analima shamba. Utampigia makofi, na anastahili.

Sasa muulize swali la pili. "Ukiwa unatoka shule, mbwa akakung'ata mguuni, na mama yuko shambani, utamwambia nani?" Hapo wengi hukutazama tu. Wapo wanaosema, "Sisemi." Ukidadisi kwa nini, majibu ni mawili: nitapigwa, au nitachomwa sindano.

Ndiyo maana leo tunaandika kwa urefu kuhusu jambo ambalo wasikilizaji wetu wengi wamekuwa wakiliuliza kwa ujumbe mfupi baada ya kipindi cha malezi: namna ya kumfundisha mtoto wa miaka mitatu hadi minane kuhusu watu wanaoihudumia jamii. Baadhi yenu mmeuliza kama hiyo si kazi ya mwalimu. Ni ya mwalimu, ila anaweza kuifikisha nusu ya njia tu. Shuleni mtoto anajifunza jina la kazi. Ni nani hasa hapa kijijini, anakaa wapi, anafikiwaje, na mtoto amwambie nini akimfikia, hayo yanafundishwa nyumbani, kwa sababu mwalimu hajui njia ya kwenu inapita wapi.

Tuanze na huyo mbwa

Kichaa cha mbwa ni ugonjwa unaoletwa na kirusi kinachokaa kwenye mate ya mnyama mgonjwa. Akimng'ata mtu, au akilamba kidonda, kirusi kinaingia na kusafiri polepole kupitia mishipa ya fahamu kuelekea kwenye ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua wiki kadhaa hadi miezi. Dalili zikishaanza, kama kuogopa maji na kuchanganyikiwa, karibu kila mgonjwa hufariki. Lakini kabla ya dalili ugonjwa huu unazuilika kabisa: kidonda kioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha mtu afike kwenye kituo cha tiba apate chanjo, ambayo hutolewa kwa dozi kadhaa kwa siku tofauti.

Shirika la Afya Duniani linasema takriban asilimia 40 ya watu wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15. Watoto wanacheza na mbwa, wanawatupia mawe, wanawanyang'anya mfupa. Wana kimo kifupi, kwa hiyo ni rahisi mbwa kuwafikia usoni na mikononi. Na zaidi ya yote, wanaficha. Mtoto anashusha suruali juu ya kidonda, anakula ugali wake, analala. Kidonda kinapona. Mama anakuja kujua kuna kitu wiki kadhaa baadaye, na wakati huo hakuna zahanati wala hospitali ya rufaa inayoweza kumsaidia.

Hesabu sasa ni watu wangapi wanahitajika ili mtoto huyo mmoja abaki hai. Kuna mtu mzima wa kwanza atakayeambiwa, awe bibi, jirani au mwenye duka. Kuna mhudumu wa afya ngazi ya jamii, yule anayepita nyumba kwa nyumba, anayejua la kufanya na kidonda na atakayekuhimiza uondoke leo na si kesho. Kuna mtu wa bodaboda. Kuna mganga au muuguzi wa zahanati, ambaye chanjo ikiwa haipo pale atakuelekeza kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Kuna afisa mifugo, ambaye kazi yake ni kumfuatilia mbwa na kuangalia wanyama wengine aliowang'ata, maana kichaa hakimalizikii kwa mtu mmoja. Na kuna mwenyekiti wa kitongoji, atakayetangaza ili kaya nyingine zifunge mbwa wao na kuwachunga watoto.

Watu sita, na kila mmoja ana kazi ambayo mwingine hawezi kuifanya. Mtoto wa miaka mitano hawezi kuubeba mnyororo wote huo kichwani, na hatakiwi. Anatakiwa kuishika pete ya kwanza tu: nimeng'atwa, namwambia mtu mzima sasa hivi, sitapigwa. Mengine ni yetu. Lakini akishayapitia mara moja kwa mfano kama huu, anaelewa jambo ambalo wimbo wa darasani haumpi, kwamba hawa watu wanapokezana.

Acheni kuwatishia watoto kwa watu wanaotakiwa kuwasaidia

Hili nitalisema bila kulizunguka. Mtoto akikataa kula, tunamwambia, "Namuita daktari aje akuchome sindano." Akilia usiku, "Polisi huyo anakuja kukuchukua." Akichelewa kurudi na ndoo, "Nitakupeleka kwa mtendaji ukafungwe." Wengi tulilelewa hivyo, na kweli ugali ulilika na kilio kilinyamaza. Ndiyo maana maneno hayo yanaendelea kutumika. Yanafanya kazi kwa dakika tano.

Bei yake inakuja baadaye. Mtoto akishaamini kwamba sindano ni adhabu, ukimpeleka zahanati akiwa mgonjwa kweli atapambana mpaka muuguzi ashindwe hata kumpima joto. Siku ya chanjo atakimbilia kwenye mahindi. Na siku amepotea katikati ya watu, akimwona askari, atajificha nyuma ya gari badala ya kwenda kushika mkono wake.

Cha kusema badala yake hakihitaji elimu kubwa. Kuhusu sindano, usimdanganye kwamba haiumi. Inauma, na mtoto akigundua ulimdanganya hatakuamini mara ya pili. Mwambie, "Itauma kidogo, kama kuchomwa na mwiba, halafu itaisha, na mimi nitakuwa nimekushika." Kuhusu polisi, mwambie kwamba askari ana kazi nyingi, kukamata mwizi ni moja tu, nyingine ni kuongoza magari barabarani na kumrudisha nyumbani mtoto aliyepotea. Kuhusu mtendaji wa kijiji, mpitishe ofisini siku una shida ya kawaida, hata ya kuandikiwa barua tu, aone baba yake akiingia na kutoka akiwa anatabasamu.

Akina babu na bibi nao washirikishwe. Nyumba zetu nyingi mtoto anashinda na bibi, na kama wewe umeacha vitisho na bibi anaviendeleza, mtoto ataamini vya bibi. Mwambie kwa heshima, ukiwa umekaa chini: "Bibi, huyu mtoto akiogopa zahanati, siku ya homa tutapata taabu." Bibi ataelewa. Kalea wengi kuliko wewe.

Picha ya ukutani na kijiji chetu

Kwenye madarasa mengi ya awali kuna bango lenye picha za kazi. Utakuta mzima moto na gari lake jekundu, mpeleka barua na mfuko begani, rubani, daktari mwenye koti jeupe. Sina ugomvi na mabango. Lakini gari la Jeshi la Zimamoto na Uokoaji liko mjini, na kutoka mjini hadi kwenye vijiji vyetu vingi vya Singida, kwa barabara za masika, nyumba ya nyasi itakuwa imeshakuwa majivu. Mpeleka barua wa kugonga mlango mtoto wa kijijini hajawahi kumwona, na barua za baba yake zinakuja kwa basi au kwa simu.

Zimamoto yetu ya kwanza ni yowe. Mtu akipiga yowe, watu wanaacha jembe shambani na kukimbia na ndoo, mchanga na matawi mabichi. Hilo ni jambo la kumfundisha mtoto kwa makini, kwa sababu watoto wadogo wakiona moto ndani hukimbilia chini ya kitanda au nyuma ya mlango, wakidhani moto usipowaona hautawafikia. Mfundishe mambo matatu tu: toka nje, piga yowe, usirudi ndani hata kama umeacha kandambili mpya. Kisha mfanyie zoezi siku moja jioni, mlikimbie jiko kwa kucheza. Mtafanya kelele na majirani watacheka, na atakumbuka.

Ukimwandalia mtoto bango la kijiji chake, nani angekuwepo? Mwenyekiti wa kitongoji lazima awepo, na jina lake litajwe. Wenyeviti wa vitongoji na vijiji wanachaguliwa kila baada ya miaka 5, na uchaguzi wa mwisho ulikuwa Novemba 27, 2024, kwa hiyo inawezekana mtoto wako mkubwa anamjua wa zamani na mdogo hamjui yeyote. Mtendaji wa kijiji naye hachaguliwi, ni mwajiriwa wa halmashauri, anaweza kuhamishwa, kwa hiyo mtoto ajue ofisi ilipo kuliko sura ya mtu. Balozi wa nyumba kumi ni kiongozi wa shina la chama, si mtumishi wa serikali, lakini tusidanganyane, kwenye vitongoji vingi ndiye wa kwanza kugongewa mlango usiku, na mtoto anajua kwake kuliko anavyojua ofisi yoyote.

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii awepo. Serikali ilizindua mpango wake wa kuwafundisha na kuwatumia wahudumu hawa nchi nzima mwezi Januari 2024, na huyu pengine ndiye mtu wa afya ambaye mtoto atamwona mara nyingi kuliko mwingine yeyote, maana anakuja nyumbani kwenu. Awepo afisa ugani anayemwonyesha baba viwavi kwenye mahindi. Awepo afisa mifugo. Awepo mtu wa jumuiya ya watumia maji anayefungua kioski asubuhi. Mtoto ambaye kila siku anabeba dumu la lita 5 anajua kabisa huyo asipoamka hakuna uji. Fundi baiskeli, mwashi, mama lishe wa kwenye kituo cha basi, kinyozi. Yule mzee anayejua kutoa mwiba wa samaki kooni. Wale vijana ambao msiba ukitokea hawasubiri kuitwa, wanachukua sururu na kwenda kuchimba kaburi.

Kuna wanaosema hao wa mwisho si wa kufundishwa kwa sababu hawana cheo wala mshahara. Mimi nadhani hao ndio waanziwe, kwa sababu mtoto amewaona kwa macho yake. Na mama yake mwenyewe awemo, na wachungaji wa ng'ombe wa miaka kumi na miwili anaowaonea wivu.

Siku ya mnada

Mahali ambapo watoto wetu hupotea zaidi si porini. Ni mnadani. Ng'ombe, vumbi, muziki wa wauza dawa, mama ameachia mkono ili ahesabu pesa ya vitunguu, akigeuka mtoto hayupo. Nimesimama mara nyingi karibu na spika za mnada nikisikia mtangazaji akihangaika na mtoto aliyeletwa akilia.

"Unaitwa nani?"
"Baba Mdogo."
"Mama yako anaitwa nani?"
"Mama."
"Unakaa wapi?"
"Nyumbani."

Mtoto hajakosea neno hata moja. Nyumbani wanamwita Baba Mdogo kwa sababu amerithi jina la baba mdogo wa baba yake. Mama yake ni mama. Anakaa nyumbani. Lakini kwa mtu mgeni majibu hayo hayana msaada wowote, na mtangazaji anabaki kueleza rangi ya shati.

Kwa hiyo kabla ya kumfundisha mtoto kazi ya mtu yeyote, mfundishe yeye ni nani. Akifika miaka minne awe anaweza kusema majina yake matatu, jina la mama na la baba kama watu wengine wanavyoyajua, jina la kijiji na kitongoji, na jina la mwenyekiti. Jina la mwenyekiti lina faida ya pekee: wanaume na wanawake mia mbili kwenye mnada huenda hawamjui baba yako, lakini wapo wanaomjua mwenyekiti wa kitongoji chenu, na wana namba yake. Akifika miaka sita aongeze namba ya simu moja ya nyumbani. Namba zetu zina tarakimu kumi, nyingi kwa mtoto, lakini ukizikata tatu, tatu, nne na kuziimba wakati wa kuoga, atazishika ndani ya wiki mbili. Uimbe wimbo gani? Wowote anaoupenda. Msibadilishe laini baada ya hapo.

Kisha mwelekeze la kufanya akipotea. Asimame pale pale alipogundua amepotea, kwa sababu wewe utarudi ulikopita. Asiondoke na mtu anayesema "twende nikupeleke kwa mama," hata akiwa na pipi, hata akimjua kwa jina. Akiona dakika zinapita, amwendee mtu ambaye yuko kazini na haendi popote: mama anayeuza kwenye meza, hasa mwenye mtoto, au mgambo, au askari. Neno "mtu ambaye haendi popote" watoto wanalielewa haraka kuliko "mtu mwaminifu." Uaminifu hauonekani kwa macho, meza ya nyanya inaonekana.

Mkifika mnadani, kabla ya kununua chochote, mwonyeshe kwa kidole: "Ukinipotea, unasimama kwa yule mama wa mandazi." Na msalimieni huyo mama. Sekunde thelathini tu.

Unafundishaje bila kumchosha

Mtoto wa miaka mitatu au minne hajifunzi kwa maelezo. Anajifunza kwa kuona na kuiga. Mkipita kwa fundi baiskeli, simameni kidogo. Muulize fundi, mtoto akisikia, "Hii kazi yako ukiiacha leo, nani atafika mjini?" Mafundi wanapenda swali hilo. Kisha mwache mtoto ashike spana. Hiyo ni somo zima.

Miaka mitano na sita ndiyo umri wa maigizo. Watoto wetu wanacheza baba na mama, wanajipikilisha kwa makopo na udongo, na humo humo mna zahanati, duka na shule kama ukiwapa kisababu. Kopo na kijiti vinatosha kuwa sindano. Kamba na kikopo vinakuwa kipimo cha mapigo ya moyo. Siku mbili kabla ya chanjo au kung'oa jino, mwache yeye awe muuguzi na wewe uwe mgonjwa, lia kidogo, akuliwaze. Utashangaa maneno atakayokuambia. Mara nyingi ni yale yale ambayo angependa kuambiwa yeye. Kwenye michezo hiyo msiwagawie wavulana udaktari na wasichana uuguzi. Kijiji kina mabwana wauguzi, kina wanawake watendaji, na wapo askari wanawake. Watoto wanaona, lakini wanahitaji kusikia sisi tukilitamka kama jambo la kawaida.

Miaka saba na minane mtoto anaweza kuulizwa "kama." Kama mdogo wako amemeza betri ya redio na mama yuko kisimani, utafanyaje? Kama umeona nyaya za umeme zimeanguka baada ya mvua? Kama mbuzi wa jirani anatoa povu? Muulizane wakati mnapukuchua mahindi. Usimkimbilize kwenye jibu. Akisema "nitamwita polisi" kwa mbuzi, cheka naye, kisha muulize, "Polisi anajua dawa ya mbuzi?" Atafika mwenyewe kwa afisa mifugo. Nyaya jibu lake ni moja, asizisogelee na awazuie wenzake, kisha amwite mtu mzima atakayepiga simu TANESCO.

Na jambo ambalo wengi tunalisahau: mtoto naye ni mhudumu. Ndiye anayempelekea babu maji ya kunawa, anayemfukuza kuku kwenye ulezi uliyoanikwa. Mwambie hivyo. "Leo wewe ndiye mlinzi wa ulezi." Anapoelewa kwamba kuhudumia ni kitu ambacho hata yeye anakifanya, wale watu wazima wenye sare wanapungua kutisha.

Serikali yenyewe imeliona jambo la umri huu. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ya mwaka 2021/22 hadi 2025/26, inahusu watoto wa miaka 0 hadi 8, na ndani yake kuna suala la uchangamshi wa mapema na la ulinzi na usalama wa mtoto. Haya ya kuigiza na kuuliza maswali wakati wa kupukuchua ndiyo uchangamshi wenyewe, bila semina.

Na kama anayemuumiza ni huyo huyo mhudumu?

Hapa ndipo pagumu, na nyimbo za darasani hazifiki hapa. Tukimfundisha mtoto kwamba kila mwenye cheo ni mtu mwema, tumemfunga mdomo siku mwenye cheo akimdhuru.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto Tanzania, uliofanywa na UNICEF, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani na Chuo Kikuu cha Muhimbili, uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Na wanaowatendea watoto hivyo, mara nyingi si wageni wa kutoka mbali. Ni watu wanaofahamika: jirani, ndugu, mtu wa njiani kuelekea shule, na wengine ni watu wenye mamlaka.

Kwa hiyo mfundishe mtoto kuipima kazi, asimpime mtu. Kazi ya mwalimu ni kufundisha. Haina kipengele cha kukaa na mtoto mmoja chumbani mlango umefungwa. Muuguzi anaweza kukuangalia sehemu za siri kama unaumwa huko, lakini mama au baba yupo, na anasema kwanza anataka kufanya nini. Bodaboda anakupeleka shule na kukushusha getini. Hapiti njia nyingine. Na hakuna mhudumu yeyote, wa serikali, wa dini wala wa ukoo, ambaye kazi yake inadai mtoto afiche siri kwa wazazi. Akisikia "usimwambie mama," basi hilo ndilo la kumwambia mama kwanza.

Zoezi la kiganja linasaidia sana. Mtoto anaweka kiganja chake juu ya karatasi, au kwenye mchanga kama hakuna karatasi, mnachora vidole. Kila kidole ni mtu mzima mmoja ambaye anaweza kumwambia jambo lolote. Mwache achague yeye. Wazazi wengine hukasirika wakikuta mjomba hayumo. Msikasirike, na msimlazimishe kumweka. Muulizeni kwa upole, siku nyingine, kwa nini. Angalau kidole kimoja kiwe cha mtu asiyekaa nyumba moja nanyi. Ukimwambia wa kwanza na asikusikilize, unakwenda kidole cha pili, cha tatu, mpaka upate wa kusikia.

Na sisi tukiambiwa tuna wajibu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Haisemi mpaka uwe mzazi wake. Njia ziko kadhaa: mwenyekiti au mtendaji, afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi, ambapo askari waliofundishwa hupokea mashauri haya pembeni na kaunta ya kawaida. Kama unayemshuku ndiye mwenyekiti mwenyewe, unaruka ngazi hiyo na kwenda inayofuata. Kumaliza kesi ya mtoto kwa mbuzi wawili na chungu cha pombe ni kumwambia mtoto kwamba vidole vyake vyote vitano havina maana, na vijiji vyetu vinajua jinsi jambo hilo linavyofanyika.

Namba za kubandika nyuma ya mlango

Ziandikeni kwa mkaa kama hakuna kalamu. 116 ni ya msaada kwa mtoto: inapigwa bila malipo, mtoto mwenyewe anaweza kupiga, na wewe pia unaweza kupiga kwa niaba yake hata kama huna uhakika, ukaeleza ulichoona. 112 ni ya polisi kwa dharura. 114 ni zimamoto na uokoaji. Kama wako mbali na moto wenu, kumbuka wanaokoa pia watu kwenye mafuriko, visima na ajali. 115 ni ya m-mama, usafiri wa dharura kwa mjamzito, mama aliyejifungua na kichanga.

Mtoto wa darasa la kwanza anaweza kubonyeza tarakimu tatu. Shida ni kwamba akishajua atataka kujaribu, na simu za utani zinawachosha wapokeaji na kuziba njia kwa mwenye shida ya kweli. Mfanyie mazoezi kwenye simu iliyozimwa au kwenye kipande cha ubao. Afanye kana kwamba ameshapokelewa na aseme manne: naitwa nani, niko kijiji gani na kitongoji gani, kimetokea nini, nani yuko hapa nami. Halafu asikate mpaka aambiwe akate.

Kipindi cha malezi kinarudi hewani Jumamosi saa tatu asubuhi. Safari hii tutakuwa na muuguzi na afisa mifugo studioni, na tunataka maswali ya watoto wenyewe. Mrekodi mtoto wako kwa simu, asizidi nusu dakika, na usimfundishe cha kuuliza.